Kilemba na Herufi Isiyosomwa

Siku niliyorudi nyumbani kutoka Ureno na udaktari wangu, mama alinipigia vigelegele, akalia kidogo, akaniwekea maji ya kuoga, kisha akaniuliza swali ambalo maprofesa watano walionitahini hawakulifikiria.

"Na mwalimu wako, umempa kilemba?"

Nilikuwa nimesahau. Kwetu, kwenye ghuba ya Tungue, mtu hamalizi kujifunza kwa kusema tu kwamba amemaliza. Mtoto akihitimu Kurani, au kijana akihitimu useremala, humpelekea mwalimu wake kilemba mbele ya watu, yaani kitambaa cheupe kizima. Mwalimu akikipokea, mwanafunzi amefunguliwa, na anaweza kwenda kutafuta riziki yake anakotaka. Asipokipokea, rudi mkekani ukae. Nilipokuwa na miaka kumi na moja mama alinipeleka hivyo hivyo kwa mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, nikiwa ndani ya kanzu inayoburura. Baadaye baba, karani wa forodha aliyeamini karatasi kuliko macho yake, alinitia shule ya misheni, nikapelekwa mbali, kisha mbali zaidi. Baba akafa mimi nikiwa huko huko, na huko hakuna aliyewahi kunitajia kilemba.

"Kule mambo ni kinyume," nilimweleza mama. "Mwalimu ndiye anayemvika mwanafunzi."

Nikafungua sanduku, nikamtolea kofia yangu ya udaktari. Ni kofia ya ajabu kidogo, nakiri. Nyuzi za hariri ya buluu zinaning'inia pande zote mpaka karibu na masikio, na juu kuna kifundo kikubwa kama kitunguu. Mama aliigeuza mara mbili, akamwita jirani.

Jirani huyo ndiye mtu muhimu katika habari hii. Alikuwa mjane wa rika la mama, ua wake na wetu unatengwa na kitalu cha makuti tu. Alishona kofia za viua, zile nyeupe zenye vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi, na kila mwanamume wa heshima kuanzia mji wetu mpaka kisiwa cha Vamizi alikwenda msikitini Ijumaa na kazi ya mikono yake kichwani. Watu walimwita Fundi tu, nami nitamwita hivyo.

Fundi alifuta mikono kwenye kanga, akaipokea kofia yangu, akaigeuza ndani nje.

"Ii imeshonwa na mtu mwenye njaa," akasema. "Angalia apa. Uzi umekimbizwa."

Watu wa kwetu hawajisumbui na h. Hapa ni apa, huyu ni uyu, na hata mlangoni mtu hupiga odi. Mimi mwenyewe nilikua nikisema hivyo hivyo, mpaka shule ilipoipandikiza h kinywani mwangu kwa rula.

"Mwanafunzi anavikwa na mwalimu?" Fundi aliendelea, akinirudishia. "Icho ni kilemba cha ukoka, mwanangu."

Hasira zangu ni za makuti, zinawaka upesi na kuzima upesi. Nilimwambia kwamba kofia ile nimeitafuta kwa miaka sita. Akasema ndiyo, lakini huyo aliyeishona inaonekana hakupewa muda. Mama akacheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa nimesafiri majuma mawili kwa meli na siku mbili kwenye msafara wa magari ya jeshi kupitia Awasse, kila gari likifuata alama za magurudumu ya lililotangulia kwa kuogopa mabomu ya ardhini ya vita vya kumtoa Mreno, ili nije nichekwe uani kwetu.

Mama hakukubali nikae mjini bila hitima yangu, yaani karamu ya kuhitimu. Juma la pili alipika wali wa nazi na samaki, akaalika watu baada ya sala ya adhuhuri. Mkeka ukatandikwa, wakakaa, wakanigeukia.

"Asome," mmoja akasema.

Ndiyo desturi, anayehitimu husoma. Nikawaeleza kwamba kitabu changu kimeandikwa Kireno.

"Ata Kurani si Kiswahili," mama akajibu, "na tunakaa tunasikiliza."

Nikaenda kuchukua nakala moja kati ya arobaini nilizokuja nazo, nikasoma ukurasa wa kwanza kwa Kireno, kwa sauti ya chuo kikuu, kisha nikawafasiria. Nilisema kwamba kitabu hiki, kurasa mia nne, kinahusu herufi h katika maandiko ya watawa wa kale wa Ureno. Nikasema kwamba herufi hiyo kwa Kireno inaandikwa, lakini haisomwi.

Kuku akapita katikati ya mkeka.

"Wanaiandika," mama akauliza taratibu, "lakini wakifika pale wanairuka?"

"Ndiyo."

"Na kila mtu anajua kwamba inarukwa?"

"Ndiyo, mama."

"Basi inaandikiwa nini?"

Sitasahau. Hilo ndilo lilikuwa swali la kitabu kizima. Nilikuwa nimelifikia mwaka wa tatu, baada ya kuzunguka maktaba nne, na mama amelifikia kabla wali haujapoa. Nikafungua kinywa nimweleze sura ya pili mpaka ya sita, lakini Fundi alinitangulia.

"Sisi erufi iyo tuliitupa zamani," akasema, "wala atukwenda Ureno."

Walicheka watu wale! Walicheka mpaka mwanamke mmoja wa Kimakonde, ambaye familia yake ilishuka kutoka uwanda wa juu kukimbia ndege za mabomu, akaomba afasiriwe, akafasiriwa, akaanza kucheka upya peke yake. Nilijaribu kukasirika. Kisha nikasikia mdomo wangu unanisaliti, nikacheka nao, na wali ukaliwa. Kuhusu waliokuja siku zilizofuata kunionyesha majipu, kwa kuwa wamesikia mimi ni daktari, sisemi kitu. Hicho ni kisa cha kila daktari asiye na sindano.

Nilikuwa sijarudi ili nikae. Nilikuwa na barua tatu njiani, kwa vyuo vitatu, nikiomba kufundisha. Nilidhani nitapumzika mwezi mmoja, nile samaki, nimzike baba upya moyoni mwangu, kisha niitwe. Mwezi ukawa mitatu. Barua zilikuja na msafara, na msafara ulikuja ulipoweza. Mashamba ya mbali yalikuwa yamepigwa marufuku, watu wote wamesogezwa ndani ya waya karibu na kituo cha serikali, mitumbwi inahesabiwa ikitoka na kuhesabiwa ikirudi. Mama alilima bustani yenye ukubwa wa vitanda viwili na kuisifu kama shamba. Mimi nilikaa barazani na kuandika barua ya nne.

Majibu yalipokuja yalikuwa matatu kwa pamoja, na mawili yalikuwa ya adabu ndefu. La tatu lilikuwa na maneno matatu tu: Não há vaga. Hakuna nafasi. Nililitazama neno la katikati kwa muda mrefu. Ndani yake imo herufi yangu, imeandikwa vizuri kwa mashine, haisomwi. Niliumia sana siku ile. Naandika hivyo bila kupamba, maana wakati ule nilimwambia kila mtu kwamba sijali.

Juma hilo hilo chefe, mkuu wa kituo cha serikali, akaniita.

Alikuwa Mreno mwembamba, mpole wa sauti, mwenye kupenda fomu zijazwe. Aliniita Senhor Doutor, Bwana Daktari, na akanipa kiti, jambo ambalo sikuwahi kuona akimfanyia mtu wa kwetu. Akaniambia kwamba mkalimani wake amevuka Ruvuma na kwenda zake. Akaniambia kwamba mezani pake kuna barua zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, zimekutwa ndani ya makapu na pindo za nguo, na kuna watu wanaohojiwa ambao hakuna anayewaelewa vizuri. Akafungua kitambulisho changu. Kwenye mstari wa kazi palikuwa patupu.

"Mtu msomi kama wewe hawezi kukaa bila kazi wakati wa vita," akasema. "Ukiwa huna ya kwako, mimi ninayo. Nakupa mpaka sikukuu yenu ya kufungua mwezi. Siku moja kabla yake, uje hapa na kazi yako au uanze ya kwangu."

Nilijua maana yake. Nusu ya mji wetu ilikuwa na mtu ng'ambo ya mto, kwa wapigania uhuru, na mama, ambaye kaka yake alivuka mapema, hakuwa nje ya nusu hiyo. Ningekaa kwenye kiti kile, nisome barua za majirani zangu kwa sauti, nigeuze maneno ya mtu aliyefungwa mikono kuwa Kireno safi. Na hao ndio waliokula wali wa hitima yangu. Kukataa waziwazi hakukuwezekana, kwa sababu waliokataa waziwazi walipelekwa kusini na hatukupata habari zao.

Nilimsimulia mama. Alijitanda kanga, akapita kwenye kitalu cha makuti, nikamsikia akizungumza na Fundi kwa sauti ya chini muda mrefu. Aliporudi akasema, "Kesho asubui uende. Na ile kofia yako ya Ureno uibebe."

Fundi alinitazama mikono kwanza. Aliibonyeza ncha za vidole kama anayechagua embe.

"Laini," akasema. "Umri gani?"

"Thelathini na mbili."

"Wanangu walianza na miaka saba." Akanipa wembe. "Aya. Fumua."

"Nifumue nini?"

"Iyo."

Alitaka nifumue kofia yangu ya udaktari. Nilisimama. Nilisema maneno ambayo sasa naona haya kuyarudia. Nilitaja miaka sita, nikataja maprofesa, nadhani nilitaja hata Kilatini. Fundi aliendelea kutunga uzi kwenye sindano. Nilipomaliza akasema kwamba mtu anayejifunza kushona huanza kwa kufumua, ili aone mwenzake alikosea wapi, na katika ua mzima hakuna kitu kilichoshonwa vibaya kuliko hicho, na tena uzi umekuwa adimu tangu msafara uliopita, na hariri haitupwi. Kisha akanionyesha mkeka, na mimi nikakaa.

Nilifumua kwa siku tisa. Ukweli ni kwamba alikuwa amesema kweli, uzi ulikimbizwa. Mahali pengine aliyeishona aliruka mishono mitatu mizima, akaificha kwa gundi. Kufikia siku ya nne nilikuwa namkasirikia mshonaji yule wa Ureno kama Fundi anavyomkasirikia. Hariri yote Fundi aliizungusha kwenye kipande cha ufito, akaiweka.

Kisha nikajifunza. Bafta, kitambaa cheupe cha pamba, inakunjwa mara mbili, inashonwa mistari, na kati ya mistari unasukuma uzi mnene kwa kijiti ili kofia isimame bila wanga. Halafu unachora mfano wako kwa penseli, halafu unatoboa, halafu kila tundu unalizungushia uzi mpaka liwe kiua, jicho dogo la mviringo lisilo na unywele unaotoka nje. Kofia moja inakula majuma. Karatasi ya kuchorea mifano haikuwepo mjini, na nani aliyekuwa na karatasi? Nilileta nakala ya kwanza ya kitabu changu. Nilijidai sijali, lakini Fundi alipolichana jalada nililitazama jua kidogo, ili nipate kisingizio cha machozi. Pembezoni mwa kila ukurasa palikuwa na nafasi nyeupe pana, kama vitabu vya wasomi vilivyo, na akafurahi nayo sana.

"Kitabu kizuri iki," akasema. "Kina mahali pa kuandikia."

Mji ulinitania. Mwanamume mzima, daktari, amekaa mkekani uani kwa mjane na sindano! Waliopita walipiga hodi ili wahakikishe. Mimi niliudhika juma moja, kisha nikagundua jambo lililonishangaza. Nilikuwa na furaha. Nilikuwa naamka nikitaka kufika pale. Miaka yote ya maktaba nilifanya kazi ambayo watu watano walikuwa wataisoma, na wawili kati yao hawakunipenda. Kofia ya kwanza niliyomaliza, iliyopinda kama sufuria iliyoangushwa, ilivaliwa siku hiyo hiyo na mvuvi mmoja mzee, akaenda nayo pwani akijidai.

Mwezi wa Ramadhani ulikuwa unaelekea ukingoni, nami nikawa na kofia tatu. Mama akanunua kitambaa cha kilemba, yadi nne za bafta, kwa kuuza kuku wake wote isipokuwa yule aliyepita mkekani. Siku tano kabla ya sikukuu nilimpelekea Fundi kilemba hicho, kwa magoti, mbele ya mama na majirani wawili. Akikipokea, mimi ni fundi kofia, nina kazi ya kuandikwa kwenye kitambulisho, na kiti cha chefe kitabaki kitupu.

Fundi alichukua kofia yangu ya tatu, akaitazama dhidi ya mwanga.

"Bado," akasema. "Kiua cha mstari wa pili kimekonyeza."

Akakisukuma kitambaa kunirudishia. Nilimtazama mama anitetee. Mama alikuwa anaangalia mikono yake.

Siku moja kabla ya sikukuu nilikwenda kwa chefe. Fundi alikuja nami, kwa kuwa chefe alikuwa amesikia habari zangu na alitaka kumwona huyo mwalimu. Tulisimama mbele ya meza. Sipai, askari mmoja wa kwetu aliyekijua Kireno cha kuamrishia na Kiswahili chote, alisimama mlangoni. Na kwa kuwa mkalimani hakuwepo, ilibidi mimi mwenyewe nifasiri hukumu yangu.

"Muulize," chefe akasema, "kama wewe ni fundi wa kofia."

Nikamuuliza. Fundi alinitazama usoni kama ananiona mara ya kwanza.

"Bado," akasema.

Neno moja. Nilikuwa nimesoma miaka sita jinsi neno linavyopita kutoka mkono hadi mkono bila kupotea, na sasa nilitaka kupoteza hilo moja tu. Ningesema, anasema ndiyo. Lakini sipai alikuwa mlangoni, masikio wazi. Na zaidi ya sipai, sikuweza kumtia Fundi uongo kinywani. Mwanamke yule alikuwa hajawahi kusema uongo juu ya kushona.

"Ainda não," nikamwambia chefe. Bado.

"Kumbe si fundi," chefe akasema, akivuta kalamu.

Fundi hakungoja afasiriwe. "Mwambie wewe ni mwanafunzi wangu. Mwambie kwetu mwanafunzi atoki kwa fundi wake mpaka fundi apokee kilemba, na mimi sijakipokea. Nikimtoa sasa, aibu ni yangu. Fundi aliyefunguliwa anakwenda popote anapoitwa. Mwanafunzi ana mwenyewe."

Nikafasiri bila kuelewa kabisa nilichokuwa ninafasiri.

"Na atamaliza lini?" chefe akauliza.

"Mwambie uko kwao ulikaa miaka sita kwa erufi moja tu," Fundi akajibu, "tena isiyosomwa. Kofia moja ina viua mia nne na zaidi. Apige esabu mwenyewe."

Nilifasiri hilo pia. Chefe alinitazama, akamtazama yeye, akamtazama sipai ambaye alikuwa ameuma mdomo. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani. Senhor Doutor, mwanafunzi wa mjane! Akasema, akipangusa macho, kwamba ataandika hivyo hivyo ili wenzake wa Mocímboa wasome. Fomu ikajazwa. Kwenye mstari wa kazi akaandika: mwanafunzi wa kofia. Fundi akabandika kidole gumba chini yake.

Njiani mama, aliyekuwa akitungoja nje ya kituo, alimshukuru Mungu kwa sauti. Mimi nilikuwa nimevimba. Nimenusurika, ndiyo, lakini mbele ya serikali na sipai imeandikwa kwamba kazi yangu haifai.

Maisha yakaendelea, nayo yalikuwa mazuri kuliko nilivyostahili. Kila miezi sita chefe aliniita, akauliza, "Senhor Doutor, umehitimu?" Nami nikajibu bado, akacheka, akagonga muhuri. Nilishona. Nilikwenda Vamizi mara moja kwa kibali kupeleka kofia za harusi, nikapokewa kama mtu mwenye maana. Nilibuni mifano yangu mwenyewe. Mmoja niliuita mawimbi, mwingine kisigino cha kuku. Siku moja, kwa kiburi, nilificha herufi h ndogo katikati ya maua, nikidhani hakuna atakayeiona.

"Ii nini?" Fundi akauliza papo hapo.

"Herufi."

"Ile yako?" Akaitazama sana. "Na apa pia aisomwi?"

"Haisomwi."

"Basi iache," akasema. "Aimdhuru mtu."

Mwaka wa pili nilipeleka kilemba tena. Akakataa: uzi wangu umekaza mno upande wa kushoto. Mwaka wa tatu nikapeleka tena. Safari hiyo aliigeuza kofia, akaitafuta dosari muda mrefu mpaka mimi mwenyewe nikaanza kumsaidia kutafuta, mwishowe akasema kwamba haipendi rangi yake. Ilikuwa nyeupe. Kofia zote ni nyeupe. Niliondoka pale na hasira zangu za makuti, nikamwambia mama kwamba mwanamke yule ana roho mbaya, kwamba nimemshonea kofia ishirini na anaziuza kwa masheikh, na bado ananiita mwanafunzi. Mama alikuwa anakuna nazi.

"Mshukuru Mungu," akasema, akaendelea kukuna.

Niliona kama ananidhihaki. Mimi, niliyepewa cheo kwa kusoma kisichosomwa, sikuona lolote.

Kisha vita vikaisha. Kwetu vilikwisha kwa kimya. Siku moja askari walicheza mpira na watu wa mji, siku nyingine bendera ikashushwa, na chefe akapanda boti na masanduku yake ya fomu. Kabla hajaondoka alinipa mkono, akaniuliza kwa mara ya mwisho kama nimehitimu. Nikamwambia bado. Hakucheka safari hiyo. Alinitazama, akainua nyusi kama mtu aliyekumbuka kitu, akaenda zake.

Asubuhi iliyofuata, kabla sijamaliza chai, tulisikia sauti kwenye kitalu cha makuti.

"Odi!"

Fundi aliingia amevaa kanga mpya. Akakaa katikati ya mkeka wetu, mgongo wima, akaweka mikono mapajani.

"Lete kilemba," akasema.

Nilidhani sikusikia. Mama alikuwa ameshasimama. Alitoa kile kitambaa cheupe sandukuni, kile kile kilichokataliwa mara tatu, lakini sasa kilikuwa kimekunjwa pindo pande zote, na pindo limeshonwa kwa hariri ya buluu. Niliitambua hariri hiyo. Niliifumua mwenyewe, siku tisa.

"Na dosari?" nikauliza. "Na rangi? Na upande wa kushoto?"

"Kofia yako ya nne ilikuwa sawa," Fundi akasema. "Tangu ya nne sijaona kosa. Nilikuwa natafuta mpaka macho yananiuma."

"Sasa mbona..."

Nikamtazama mama, ambaye hakunitetea siku ile. Nikakumbuka zile sauti za chini uani, usiku ule wa kwanza. Fundi aliyefunguliwa anakwenda popote anapoitwa. Mwanafunzi ana mwenyewe. Nililifasiri neno hilo mwenyewe kwa Kireno safi, mbele ya meza, na sikulisoma. Kwa muda wote ule wanawake wawili walikuwa wameniweka ndani ya neno bado, na mimi nikilalamika kwamba ni padogo.

Nililia. Sikujificha wala sikuenda kutazama jua. Fundi alingoja nimalize, kwa uvumilivu ambao hakuwahi kunionyesha kwenye kushona, kisha akainamisha kichwa. Nikakichukua kilemba, nikakizungusha mara moja, mara mbili, mara tatu. Akakigusa kuona kama nimekikaza vizuri, akakilegeza kidogo upande wa kushoto. Halafu akaniangalia, akavuta pumzi nyingi, kama mtu anayetaka kupuliza moto.

"Umehitimu," akasema, na ile h akaisoma.